Somo: Kuteremka mto wa maji makali kwa siku kadhaa porini

Wengi wakipanga safari hii huwaza mawimbi. Wawaze kwanza njia ya kutokea. Mto ukishaingia korongoni hakuna barabara, simu haishiki, na boti ya mpira hairudi ilikotoka. Ulichokisahau siku ya kwanza utakikosa hadi mwisho, na atakayevunjika mguu atauguzwa na nyinyi wenyewe mpaka msaada ufike.

Hatua ya 1: Chagua mto kwa kiasi cha maji

Maji makali hupangwa kwa daraja, I hadi VI. Daraja la I ni maji yanayotembea tu. La VI waachie wenye ubingwa wao, na hata hao wengi hupita kando kwa miguu. Daraja hubadilika maji yakiongezeka au kupungua, na si lazima maji mengi yawe ndiyo makali. Zambezi, chini ya Maporomoko ya Victoria, mawimbi huwa makali zaidi maji yakiwa machache. Kwa safari ya mbali, hesabu daraja moja juu: la III penye baridi na pasipo msaada lichukulie kuwa la IV.

Hatua ya 2: Kibali

Ulizeni mapema. Kwa Mto Colorado ndani ya Grand Canyon, korongo kubwa la Marekani, makundi yanayojiongoza yenyewe hupata nafasi kwa bahati nasibu.

Hatua ya 3: Kupakia

Hapa ndipo safari inapoharibikia, wala si kwenye maporomoko. Vizito vikae chini na katikati. Kisha jiulize: boti ikipinduka sasa hivi, nini kitaanguka? Chochote kitakachoanguka hakijafungwa. Tumia mikanda ya kukazia, na usiache ncha ya kamba ikining'inia, maana mguu wa mtu utanaswa hapo chini ya maji. Kasia la akiba lifungwe mahali mkono unapofika.

Vitu vya dharura vigawanywe. Simu ya setilaiti boti moja, sanduku la dawa boti nyingine, na dawa chache kila boti. Pampu, viraka na gundi msiache. Chakula kipangwe kwa siku, cha mwisho kikae chini kabisa, la sivyo kila jioni mtapekua mzigo wote.

Jambo ambalo wageni hawaambiwi: boti ikipumzika ufukweni juani, hewa ndani hutanuka na mishono inaweza kupasuka. Punguza hewa kidogo, halafu ijaze tena ikirudi kwenye maji baridi, kwa kuwa italegea.

Hatua ya 4: Majini

Kabla ya kuifikia sehemu kali, egesha boti, shuka, utembee ukaitazame. Anza kwa kuangalia pale mnapotaka kutokea, kisha fuata njia kwa macho ukirudi juu hadi pa kuingilia. Maji laini yenye umbo la V linalochongoka kuelekea mto unakokwenda huonyesha mlango. V iliyochongoka kuelekea unakotoka, hapo kuna jiwe. Boti zipite moja moja. Iliyotangulia ingoje kwenye maji tulivu nyuma ya mwamba, mtu akiwa na mfuko wa kamba ya kumrushia aliyeanguka mkononi.

Ukianguka, lala chali, miguu mbele na juu. Usisimame maji yakiwa yanakwenda kwa kasi, hata kama ni ya magotini: mguu ukibanwa kati ya mawe, mkondo utakulaza kifudifudi. Mti ulioanguka mtoni ni chujio, maji hupita na mtu hubaki. Ukishindwa kuukwepa, geuka kifudifudi, uogelee kwa nguvu kuuelekea na kuupanda.

Hatua ya 5: Kambi

Laleni juu ya alama ya maji ya mafuriko. Moto uwashwe kwenye sinia la chuma na majivu yaondoke nanyi. Kinyesi pia, ndani ya sanduku linalofungwa vizuri. Mnacheka sasa, lakini ufuko mmoja hulaliwa na makundi mengi msimu mzima.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, sijui kuogelea. Naweza kwenda?*
Safari ya nusu siku, pengine, na kiongozi mzoefu. Hii, hapana. Jaketi la kuokolea litakuweka juu ya maji, ila kuifikia boti au ukingo ni kazi ya mikono yako. Jifunze kwanza.

*Boti ikielekea kugonga mwamba kwa ubavu tufanyeje?*
Mwili utataka kuukimbia mwamba. Kataa. Wote rukieni upande wa mwamba, mara moja. Mkikaa upande mwingine, maji yatauzamisha ubavu huo na boti itapinduka au itabanwa kwenye jiwe. Nahodha awafanyishe zoezi hili kwenye maji tulivu asubuhi ya kwanza, tena na tena.

*Ikishapinduka?*
Toka chini yake, shika kamba ya pembeni, ukae upande mto unakotoka. Upande wa pili utasagwa kati ya boti na mwamba.

*Maji yakipanda usiku tutajuaje?*
Chomekeni kijiti ukingoni mnapofika, mkitazame kabla ya kulala. Boti zifungwe sehemu mbili, juu kabisa. Kama juu ya mto kuna bwawa la umeme, kina kinaweza kupanda na kushuka kila siku bila tone la mvua, kwa hiyo msizifunge kwa kamba fupi: maji yakishuka mtazikuta zimekaa juu ya mawe, na mzigo wote itabidi mshushe.