Jinsi ya kwenda kusikiliza mashairi Mbeya kama shule ilikukatisha tamaa nayo

Kama ulimaliza shule ukaapa hutaki kuona shairi tena, hii ni ya kwako. Mi nilikuwa hivyo hivyo, maana sisi tulifundishwa taja vina, hesabu mizani, eleza dhamira nne kwa mifano, basi, na sikumbuki hata siku moja mwalimu ametughania beti moja. Wakati shairi la Kiswahili limetungwa lighaniwe!

Kilichonirudisha moyo ni jioni moja ya mwezi wa saba, ukumbi mdogo huku Mwanjelwa, watu kama thelathini hivi wamejikunja na makoti. Mama mmoja mtu mzima akasimama, hana karatasi, akaanza kwa sauti ya chini tu, "Viazi vya Umalila, vimenisomesha mimi". Asee. Nikashtukia vidole vyangu vinagonga goti, nane, kapumua kidogo, nane tena. Mizani kumi na sita ile ile iliyokuwa inanitoa jasho kwenye mtihani, kumbe ni pumzi ya mtu. Na kila akifika mwisho wa beti anaturudishia mstari uleule ukumbi mzima unaitikia, beti ya tatu na mimi nimo.

Sasa we ukitaka kwenda, uliza kwenye magrupu ya WhatsApp ya vijana wa vyuo, Mbeya au Iringa, na angalia matangazo ya ukutani maktaba, mara nyingi hizi shughuli hazitangazwi kwa kelele. Vaa nguo nzito, hasa kama ni Juni au Julai, ukitetemeka husikii kitu. Wahi ukae mbele kwa sababu maiki ikizingua, aliyekaa nyuma atakuwa anaambulia midomo tu. Wazee wapo, shikamoo kwanza ndo ukae. Na ya bajaji ya kurudi panga mapema usije ukaanza kuchungulia saa katikati ya shairi.

Simu weka mfukoni. Usirekodi, naomba sana hapa, maana ukirekodi unajiambia nitasikiliza baadae na hiyo baadae haifiki. Pia usihangaike kutafuta maana ya kila neno, likikupita liache lipite, we shika mstari mmoja tu utakaokugusa.

Wakileta ngonjera, zile za watu wawili kubishana kwa beti ambazo mshairi Mathias Mnyampala wa Dodoma alizivumisha sana, chagua upande umshangilie mtu wako, utamu wake uko hapo. Vijana nao wataleta mashairi huru yasiyo na vina wala mizani, usinune. Huo ubishi upo tangu miaka ya 1970 mwandishi Euphrase Kezilahabi alipotoa mashairi huru ya kwake, na mi niliyekuwa upande wa vina nimeshalizwa na binti mmoja ambaye hakuwa na kina hata kimoja.

Ikiisha usikimbie. Mfuate aliyekugusa umwambie ni mstari gani, umtajie kama ulivyo, halafu muombe akuruhusu uunakili. Kesho yake usome kwa sauti, jikoni huko huko ukisubiri chai ichemke, mara tatu nne, mpaka ulimi wenyewe ujue pa kupumua. Mimi ule mstari wa viazi nilikuwa nausema kwenye daladala mpaka konda akaniuliza wa pili unasemaje.