Kasi ya mchezo hupangwa mazoezini

Kocha wa mpira wa kikapu anayepiga kelele "Taratibu! Taratibu!" timu ikiwa imeshaporwa mpira mara mbili mfululizo amechelewa. Mimi huanza kufundisha kasi pale mchezaji anapodaka rebaundi, yaani mpira uliorushwa kikapuni ukakosa.

Kabla hajadunda hata mara moja, ainue macho na ajiulize: mbele tumewazidi idadi? Tukiwa watatu kwa wawili, twende. Wakisharudi wote, apewe mchezeshaji, yule anayeongoza mashambulizi, tujipange. Zoezi langu ni watano kwa watano. Mpira ukidakwa, naita jina la mlinzi mmoja. Huyo lazima kwanza akaguse mstari wa mwisho ndipo arudi kukaba. Anayedunda huku anatazama chini namsimamisha, hata kama kikapu kimeingia. Hawapendi, lakini wanazoea.

Kupunguza kasi ndiko kunakowasumbua wengi. Wanadhani ni kukaa na mpira. Ukikaa nao mpaka zimebaki sekunde 5 kati ya 24 ambazo timu hupewa kushambulia, mlinzi anajua huna ujanja ila kurusha. Mpira uzunguke upande huu, uhamie wa pili, uingie ndani na kutoka, kisha shambulizi lenyewe lianze saa ya sekunde hizo ikisoma 12 hivi. Kama hamna saa uwanjani, msaidizi ahesabu kwa sauti.

Ulinzi nao hupunguza kasi, na hapa ndipo ninapopenda zaidi. Panga walinzi 2-2-1 (wawili mbele, wawili katikati, mmoja nyuma) uwanja mzima, lakini wakataze kabisa kupora. Kazi yao ni kumsukumia mshika mpira pembeni na kumchelewesha. Kwa kanuni za FIBA, shirikisho la kimataifa la kikapu, ana sekunde 8 za kuvuka nusu ya uwanja. Akivuka katika ya 7, timu yake imebakiwa na 17 tu za kushambulia. Uanzishe baada ya kufunga mtupo huru, maana watu wako wameshakaa mahali pao.

Presha kali ya kupora itumie kwa vipindi vifupi, na uangalie faulo: kuanzia ya tano ya timu katika robo, wapinzani wanapewa mitupo miwili. Mchezaji akianza kushika magoti, mtoe.

Dakika za mwisho mkiongoza, rebaundi ya kushambulia isirushwe tena papo hapo kwenye msongamano. Itolewe nje kwa mchezeshaji: mpira ukiwa umegusa ringi, saa inarudi 14, na hizo zote ni zenu.