Somo: Tambi za kiganjani za Waachang wa Husa, hatua kwa hatua

Kila nikiweka picha ya chakula hiki naulizwa yale yale: ni nini, kinaliwaje, bakuli liko wapi. Naandika mara moja, mwenye swali aelekezwe hapa.

Waachang ni watu wachache. Sensa ya China ya 2010 iliwahesabu karibu 40,000. Wengi wako Dehong, jimbo la Yunnan, mpakani na Myanmar, na tambi hizi ni za bonde la Husa. Msiziite "chakula cha Kichina" mkaishia hapo. Waachang wana lugha yao, jamaa ya Kiburma, na mgeni akifika Husa hiki ndicho anachoandaliwa.

1. Tambi za mchele. Husa hutumia mchele mwekundu wa kwao. Nyeupe za dukani zinafaa. Chemsha, suuza kwa maji baridi, chuja.

2. Nyama. Hatua hii ilinishinda mwanzoni, isomeni taratibu. Kitimoto chenye ngozi kibanikwe kwenye moto wa kuni mpaka ngozi ibabuke. Ngozi huwahi kuiva huku ndani pabichi, na rangi ya nje hudanganya. Ikishababuka, isogeze kwenye makaa ya pembeni, igeuze polepole, kisha ipasue katikati. Ukiona wekundu, irudishe. Huko Husa wapo wanaopenda ndani isiive sana. Msiige! Tegu wa nguruwe yupo Tanzania, Kenya na Uganda, na nyama isiyoiva ndiyo njia yake ya kuingia tumboni. Mayai yake yakimezwa kwa mikono michafu, viluwiluwi hufika hadi ubongoni na kuleta kifafa. Na hapa tunakula kwa mkono.

3. Katakata nyama laini kabisa pamoja na ini lililoiva. Changanya kitunguu saumu, pilipili, kotmiri na karanga zilizopondwa.

4. Unga wa njegere kavu, upike kama uji mzito. Unga wa dengu pia unakubali.

5. Uchachu. Wao hutumia maji ya mboga zilizochachushwa. Weka ndimu.

6. Nawa. Weka tambi kidogo kwenye kiganja, juu yake nyama na uji wa njegere, peleka mdomoni kwa mara moja.

MASWALI

Kibo: Nyama inachemshwa au inabanikwa?
– Hatua ya 2.

Mama Shani: Sisi hatuli nguruwe. Naweza kuweka ng'ombe?
– Weka, dada, ya mafuta mafuta, na uibanike vilevile. Itakuwa tamu. Usiwaambie wageni tu kwamba ndivyo wanavyopika Husa.

Dulla: Kula bila bakuli si uchafu huo?
– Ugali unaula na nini?

Mwanagenzi: Mkuu, nimesikia Husa kuna visu maarufu. Vina uhusiano na Waachang hawa?
– Ndio hao hao. Kwa simulizi yao, ufundi ulitoka kwa askari wa enzi ya Ming waliopiga kambi bondeni karne ya 14. Siri iko kwenye kuzamisha chuma cha moto majini: kikichelewa au kikiwahi, makali yanaharibika. Kuna visu vyembamba vinavyokunjika bila kuvunjika. Vijiji vimegawana kazi. Mwaka 2006 China iliuingiza ufundi huo kwenye orodha ya urithi wa taifa, pamoja na utenzi wao wa Zhepama na Zhemima.

Mwanagenzi: Huo utenzi unasema nini?
– Umeuliza vizuri. Zhepama, mungu wa kiume, aliumba mbingu, na Zhemima, mungu wa kike, akafuma ardhi kwa nywele za uso wake. Ndiyo maana wanawake hawana ndevu. Baadaye pepo mbaya aliweka jua la uongo lisilotua, mimea ikakauka, Zhepama akalitungua kwa mshale. Upinde na mshale utauona kwenye sikukuu yao ya Machi, katikati ya uwanja, watu wakicheza kuuzunguka.

Kibo: Na uji wa njegere ukibaki?
– Hilo ndilo swali. Umimine kwenye sahani upoe, utaganda. Kesho ukate vipande, tia siki, pilipili na chumvi. Yunnan wanauza hivyo barabarani.