Somo: Kurudisha mng'ao wa gari lililotelekezwa juani na vumbini

Gari la mfano katika somo hili ni Toyota Corolla ya bluu iliyokoza ya rafiki yangu, ambayo ilikaa Kijenge, hapa Arusha, chini ya mjakaranda, tangu mwenyewe alipohamishiwa kazi Dodoma. Boneti na paa vilikuwa vimepauka, taa za mbele zimegeuka njano, zulia la upande wa abiria linanuka ukungu, na maua yaliyooza yamejaa chini ya waipa. Watu waliokwisha kuliona walimshauri alipake rangi upya. Mimi sikukubaliana nao, kwa sababu sehemu kubwa ya kinachoonekana kuwa ni rangi iliyokufa huwa ni uchafu ulioshika pamoja na utando mwembamba wa juu uliochakaa. Vyote viwili huondoka bila kugusa rangi iliyo chini, mradi kazi ifuate mpangilio na anayeifanya asiwe na haraka.

Kwanza ifahamu rangi unayoishughulikia. Magari mengi ya miaka ya karibuni yana tabaka angavu juu ya rangi, ambalo mafundi wetu huliita klia. Unene wake kwa kawaida ni maikroni 40 hadi 50, yaani ni jembamba kuliko unywele wa kichwa, na hilo ndilo linaloikinga rangi dhidi ya jua. Kila unaposugua kwa polishi unapunguza klia, na iliyokwisha kuondoka hairudi. Arusha iko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari na si mbali na ikweta, kwa hiyo miale ya jua huchoma rangi hata katika ile miezi ya Juni na Julai ambapo sisi wenyewe tunavaa masweta. Juu ya hayo, vumbi letu linatokana na udongo wa volkano wa Mlima Meru, na chembe zake ni ngumu. Ndiyo maana desturi ya kulifuta gari kavukavu kwa kitambaa kila asubuhi, ambayo naiona katika nyumba nyingi, inaiumiza rangi kuliko kuliacha gari na vumbi lake.

Ili kujua kama gari lina klia, chagua sehemu iliyojificha, weka polishi kidogo kwenye kitambaa cheupe, kisha usugue polepole. Kitambaa kikitoka na rangi ya gari, halina klia, kama yalivyo magari mengi meupe ya zamani. Gari la namna hiyo huitikia polishi vizuri sana, ila ni lazima ulisugue kwa uangalifu zaidi kwa kuwa hapo unapunguza rangi yenyewe.

Hatua ya kwanza: kuosha

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Fanya kazi kivulini, asubuhi, bati la gari likiwa limepoa. Anza kwa maji matupu yanayotiririka, kutoka paa kwenda chini, ili vumbi liondoke lenyewe kabla mkono wowote haujaligusa gari. Kama unatumia mashine ya presha, usiisogeze karibu na sehemu ambazo rangi imeanza kunyanyuka.

Andaa ndoo mbili, moja ya maji yenye sabuni na nyingine ya maji safi ya kusuuzia glovu au sponji unayooshea. Kila baada ya kuosha sehemu moja, suuza glovu kwenye ndoo ya maji safi kabla ya kuirudisha kwenye sabuni, ili mchanga ulioutoa kwenye mlango usiupeleke kwenye boneti. Osha paa, vioo na boneti kwanza, na umalizie na sehemu za chini za milango, ambazo ndizo chafu kuliko zote. Matairi na rimu vitengewe brashi na ndoo yake. Tumia shampuu ya magari. Sabuni ya unga ya kufulia ni kali, huondoa nta yote na hukausha mipira ya milango.

Matone ya lami yaliyoganda nyuma ya magurudumu hutoka kwa kitambaa kilicholoweshwa mafuta ya taa kidogo. Ukimaliza, osha sehemu hiyo tena kwa shampuu. Utomvu wa mti uliokauka usiukwangue kwa kucha, bali uloweshe kwa spiriti ya hospitali kwa dakika chache hadi ulainike. Kisha fungua boneti na uzoe kwa mkono majani na maua yote yaliyojaa chini ya kioo cha mbele, pale waipa zinapoanzia. Kuna matundu ya kutolea maji ya mvua pale. Yakiziba, maji hutafuta njia ya kuingia ndani ya gari. Zulia la Corolla hii lililowa kwa sababu hiyo, na kama tungelikausha bila kuzibua matundu, lingelowa tena masika.

Hatua ya pili: kutoa uchafu ulioshika

Gari likishaoshwa, ingiza vidole ndani ya mfuko mwembamba wa mkate (ile mifuko ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, lakini huu wa kufungashia mkate unafaa kabisa), halafu pitisha mkono juu ya boneti. Utahisi vijichembe ambavyo jicho halivioni. Hivyo huondolewa kwa udongo maalumu wa kusafishia rangi, unaouzwa katika maduka ya vifaa vya magari. Lowesha sehemu ndogo kwa maji yenye shampuu kidogo, telezesha udongo bila kuukandamiza, na uukunje upya kila unapochafuka. Ukianguka chini, utupe, hata kama ni mpya, kwa sababu mchanga uliookota hautoki.

Hatua ya tatu: polishi

Funika kwa utepe wa karatasi kingo za milango, mipira na plastiki nyeusi, kwani klia ni nyembamba zaidi kwenye kingo na polishi iliyoingia kwenye plastiki huacha weupe mbaya. Kama una mashine, chagua ile ambayo sponji yake huzunguka huku ikiyumba, kwa sababu haipandishi joto haraka. Ile inayozunguka upande mmoja tu ni ya fundi aliyeizoea, kwa kuwa ikitulia mahali pamoja kwa muda mfupi tu inaweza kuichoma klia.

Jaribu kwanza sehemu ya ukubwa wa sentimita 50 kwa 50, ukianza na polishi laini kuliko zote ulizonazo na sponji laini. Weka matone machache, yasambaze kwa mwendo wa chini, kisha ongeza mwendo na upite polepole, mara ya kwanza kwa urefu na mara ya pili kwa upana. Futa kwa kitambaa safi cha maikrofaiba na uangalie kwa tochi. Ukiona mng'ao unaokuridhisha, usiende kwenye kompaundi, yaani dawa ya kusugulia iliyo kali kuliko polishi. Kompaundi ni kwa ajili ya sehemu ambazo polishi laini imeshindwa, na hata hapo haina budi kufuatiwa na polishi laini ili kufuta alama inazoziacha. Kwa Corolla hii, milango ilirudi kwa polishi laini peke yake, wakati boneti na paa vilihitaji kompaundi. Mikwaruzo ambayo ukucha unanasa ukiipitishia iache ilivyo, maana kuifuata ni kuimaliza klia yote.

Hatua ya nne: nta

Futa mabaki ya mafuta ya polishi kwa spiriti iliyochanganywa na maji, kisha paka nta kwa utando mwembamba na uifute kufuatana na maelekezo ya kopo. Rudia kila baada ya miezi mitatu hivi, na usisubiri matone ya mvua yaache kabisa kujikusanya juu ya boneti, maana hapo nta imekwisha.

Taa za mbele

Unjano wa taa uko upande wa nje, pale ambapo kinga ya plastiki imeunguzwa na jua. Zungushia utepe, piga msasa wa maji namba 1000, kisha 2000, kisha 3000, ukilowesha wakati wote, halafu umalizie na polishi. Kazi haiishii hapo: taa iliyopigwa msasa imebaki bila kinga yake, na usipoipaka klia maalumu ya kuzuia jua itarudia unjano ndani ya miezi michache.

Ndani ya gari

Toa mazulia yote, na kama sakafu imelowa, fungua viti ili uinue zulia kubwa na kulianika hadi likauke upande wa chini pia. Nyonya vumbi kwa mashine, sugua vitambaa vya viti kwa brashi laini na povu badala ya maji mengi, vuta mikanda hadi mwisho na uioshe kwa sabuni laini. Badilisha pia chujio la hewa ya ndani, ambalo katika magari mengi liko nyuma ya kisanduku cha dashibodi, kwa kuwa harufu ya ukungu mara nyingi hutoka huko. Dashibodi ifutwe kwa kitambaa chenye unyevu tu. Mafuta ya kung'arisha huakisi mwanga kwenye kioo cha mbele na kumsumbua dereva.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Pasua, Moshi: Shikamoo kaka. Paa la gari langu limeanza kubanduka kama magamba. Je, nianze na kompaundi au polishi laini?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Usianze na yoyote kati ya hizo. Klia iliyobanduka haishikani tena, na mashine itaongeza tu ukubwa wa jeraha. Peleka paa hilo peke yake kwa fundi rangi, na sehemu zilizobaki uzifanyie polishi kama kawaida, ili gharama isiwe ya gari zima.

Mwanachama wa Ngarenaro: Habari za kazi, ndugu. Vijana wanaoniosheleza gari hupaka matairi oili chafu, na yanameremeta kweli. Kuna ubaya?

Jibu: Salama, dada yangu. Ubaya upo. Oili hulainisha na kuharibu mpira, hurukia milangoni gari likitembea, na ikifika kwenye diski za breki ni hatari kwa maisha. Waombe waoshe matairi kwa brashi na sabuni tu. Ukitaka weusi, nunua dawa ya matairi yenye asili ya maji na uwakabidhi wewe mwenyewe.

Mwanachama wa Sakina: Sina mashine wala umeme mahali ninapoegesha. Kazi ya mikono inawezekana?

Jibu: Inawezekana, bwana, hasa kwa gari lisilo na klia. Shughulikia sehemu moja kwa siku, kwa mfano boneti leo na mlango kesho, maana mkono uliochoka hukandamiza upande mmoja na kuacha mawimbi. Mikwaruzo ya ndani haitaisha yote, lakini weupe wa kupauka utaondoka.

Mwanachama wa Majengo, Moshi: Mwalimu, sina pa kuegesha isipokuwa chini ya mti. Je, nilifunike gari kwa turubai?

Jibu: Hapana, mama. Upepo huchezesha turubai juu ya vumbi na kuisaga rangi, na mvua ikinyesha unyevu hubaki umefungiwa ndani. Liache wazi likiwa na nta, na weka ndani ya gari chupa ya maji na kitambaa safi. Ukikuta kinyesi cha ndege, kilaze kitambaa kilicholowa juu yake kwa dakika tano, kisha ukiinue moja kwa moja bila kusugua, siku hiyohiyo.