Somo: Namna ya Kuchagua Ruta ya Waifai kwa Mtandao wa Taa za Jukwaani

Ruta inayotosheleza nyumba nzima kutazama video inaweza kushindwa kabisa kazi ya taa za jukwaani, na sababu yake si upungufu wa kasi. DMX ni lugha ya amri zinazotoka meza ya kuongozea taa hadi kwenye taa. Mkondo wake mmoja, ambao mafundi tunauita yunivasi, hubeba chaneli 512, yaani nafasi za amri, na hutumwa upya hadi mara 44 hivi kila sekunde. Ukifungwa ndani ya pakiti (vifurushi vidogo vya data) za Art-Net au sACN, ambazo ni itifaki mbili za kubeba DMX, na kupitishwa kwenye mtandao, mkondo huo hauzidi robo ya megabiti kwa sekunde, kwa hiyo hata yunivasi nne, ambazo ni taa nyingi mno kwa kumbi zetu za kawaida, hazivuki megabiti moja. Zile megabiti 1,200 zilizoandikwa kwa herufi kubwa juu ya boksi hazituhusu. Mtazamaji wa video hatambui pakiti iliyochelewa nusu sekunde kwa sababu simu yake imekwisha kuweka akiba ya picha zinazofuata, lakini taa haina akiba: pakiti ikichelewa, taa nayo inachelewa, na ukumbi mzima unaona.

Hatua ya kwanza: amua ni kitu gani kitapita hewani

Kabla ya kwenda dukani, tenganisha kazi mbili ambazo watu wengi huzichanganya. Ya kwanza ni amri za fundi aliyeshika tableti akitembea jukwaani kuelekeza taa moja moja. Amri hizo ni chache, na moja ikipotea utabonyeza tena. Ya pili ni mkondo wenyewe wa DMX kutoka meza ya taa hadi kwenye nodi, yaani kile kifaa kinachogeuza pakiti kuwa DMX. Ushauri wangu, ambao sijapata sababu ya kuubadili, ni kwamba kazi ya kwanza ipite hewani na ya pili ipite kwenye waya wa mtandao, ambao unaweza kufika mita 100 bila kifaa cha kuongeza nguvu katikati.

Sababu iko katika jinsi waifai inavyofanya kazi, na inafaa kuielewa vizuri. Pakiti inayotumwa kwa kifaa kimoja hujibiwa na kifaa hicho kwamba imefika, na isipojibiwa ruta huituma tena. Pakiti inayotumwa kwa kundi au kwa wote haijibiwi na yeyote, ikipotea, imepotea. sACN kwa kawaida hutuma kwa kundi, na vifaa vingi vya Art-Net, hasa vya zamani, hutuma kwa wote. Tena, kwenye mtandao huo kukiwa na simu hata moja iliyolala ili kutunza betri, ruta huzishikilia pakiti za kundi hadi wakati maalumu wa kuziachia, na wakati huo huja kila baada ya sehemu ya kumi ya sekunde au zaidi. Taa iliyopaswa kufifia polepole hushuka kwa mirukoruko, kama mtu anayeteremka ngazi gizani, na fundi anaanza kuilaumu taa.

Hatua ya pili: masafa

Chukua ruta yenye masafa mawili, gigahezi 2.4 na gigahezi 5, na uhakikishe kwamba kila moja inaweza kupewa jina lake. Katika gigahezi 2.4 kuna chaneli za redio tatu tu zisizoingiliana, ambazo ni 1, 6 na 11, na usiku wa onyesho zote tatu hujaa simu za wageni, spika za bluetooth na maikrofoni za bei nafuu zisizo na waya. Nilijifunza hili katika ukumbi mmoja wa sherehe ambako mazoezi ya mchana yalikwenda bila hitilafu yoyote, lakini usiku, wageni walipojaa, tableti yangu ilipoteza meza ya taa kila baada ya dakika chache. Ruta ilikuwa sakafuni nyuma ya meza, katika gigahezi 2.4, ikijichagulia chaneli yenyewe. Mwili wa binadamu una maji mengi na hunyonya mawimbi hayo, kwa hiyo umati uliosimama kati yangu na ruta ulikuwa ukuta. Siku iliyofuata niliipandisha juu ya stendi kupita vichwa vya watu, nikaihamishia gigahezi 5 kwenye chaneli ya 36, na tatizo halikurudi.

Chaneli za 36 hadi 48 ndizo ninazozipendekeza. Zile za 52 hadi 144 hutumiwa pia na rada, na ruta inayofuata kanuni ikihisi rada hulazimika kuhama papo hapo na kusikiliza kwanza, mara nyingi kwa sekunde 60, kabla ya kutumia chaneli nyingine ya kundi hilo. Sekunde 60 katikati ya wimbo ni muda mrefu sana.

Hatua ya tatu: fungua ukurasa wa mipangilio kabla ya kulipa

Mwombe muuza duka aiwashe ruta, uingie kwenye mipangilio kwa simu yako. Ruta isiyokuruhusu kuchagua chaneli mwenyewe iache hapo hapo, hata ikiwa nzuri kwa sura. Angalia pia kama unaweza kupunguza upana wa chaneli hadi megahezi 20, kuzima ule utaratibu unaounganisha masafa mawili chini ya jina moja, kuzima utengaji wa vifaa (ukiwa umewashwa, tableti haitaiona meza ya taa ingawa zote zimeunganishwa), na kupanga anwani za IP zinazogawiwa. Jambo la mwisho ni kwamba ruta ifanye kazi yake yote bila intaneti. Zipo zinazodai akaunti ya mtandaoni kabla ya kukufungulia mipangilio, na jukwaani hizo hazifai.

Hatua ya nne: umbo na umeme

Antena za nje, matundu manne ya waya na adapta ya volti 12 vinatosha. Unganisha ruta, swichi ya mtandao na meza ya taa kwenye UPS moja (betri ya akiba), kwa maana umeme ukikatika na jenereta kuwaka, taa hurudi mara moja lakini ruta huchukua dakika moja au mbili kuamka.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama, Tanga:* Shikamoo mwalimu. Je, ninaweza kutumia ruta tuliyopewa na kampuni ya intaneti hapo ukumbini?

Marahaba. Sikushauri. Nyingi zimefungwa baadhi ya mipangilio, na nenosiri lake huwa linajulikana na wafanyakazi wote wa ukumbi. Mtandao wa taa uwe peke yake, usiunganishwe na intaneti wala na simu za wageni.

*Mwanachama, Nakuru:* Nimenunua nodi ya Art-Net yenye anwani inayoanza na 2, lakini ruta inatoa anwani za 192.168. Meza ya taa haiioni nodi.

Ndugu, vifaa vyako viko katika mitaa miwili isiyofahamiana. Art-Net kwa asili hutumia anwani zinazoanza na 2 au 10, pamoja na kinyago (subnet mask, kinachoonyesha anwani zipi ni za mtaa mmoja) cha 255.0.0.0. Ipe ruta 10.0.0.1, meza ya taa 10.0.0.10, nodi 10.0.0.20, na uiache ruta igawie tableti kuanzia 10.0.0.100. Kinyago kiwe kile kile kila mahali, kwa sababu kikitofautiana, anwani ya kutuma kwa wote nayo hutofautiana, na utatafuta kosa usiku kucha.

*Mwanachama, Dodoma:* Kanisani kwetu hatuwezi kupitisha waya hadi roshani ya nyuma. Tufanyeje?

Hapo ndipo mkondo wa DMX utapita hewani kwa kukosa budi. Ikiwa bajeti inaruhusu, nunua vifaa vya DMX isiyo na waya vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo, kama vya CRMX au W-DMX, ambavyo hurukaruka kati ya masafa na kukwepa yaliyojaa. Bajeti isiporuhusu, tumia ruta mbili zinazoonana moja kwa moja kwenye gigahezi 5, na uipange meza ya taa itume Art-Net kwa anwani ya nodi ile moja tu, ili kila pakiti iwe inajibiwa.

*Mwanachama, Mombasa:* Simu yangu huuacha mtandao wa taa yenyewe kila inapoona hauna intaneti.

Weka simu katika hali ya ndege, kisha uwashe waifai peke yake, na uifutie mitandao mingine yote inayoikumbuka pale ukumbini. Ikikuuliza kama ubaki kwenye mtandao usio na intaneti, kubali. Fanya hivyo saa moja kabla ya wageni kuingia, kisha tembea na simu hadi kona ya mbali kabisa ya jukwaa, ukiwasha na kuzima taa moja kila baada ya hatua chache.