Mambo ya kukagua kabla hujaiachia ruta ibadilishe laini yenyewe

Kuchomeka laini mbili za intaneti kwenye ruta moja si kazi. Kazi ni ruta ijue kwa hakika kwamba fiba imekufa, ihamie laini ya akiba, ikae huko mpaka fiba itulie, kisha irudi. Mifano hapa ni ya ruta za MikroTik kwa sababu ndizo zilizojaa maofisini kwetu, ila mantiki ni ileile kwenye ruta yoyote.

Umeme kwanza. UPS (betri ya kushika umeme ukikatika) ibebe ruta pamoja na kile kisanduku cha fiba cha mtoa huduma. Kikizimika hicho, kila umeme ukiyumba utadhani laini ndiyo mbovu.

Saa ya ruta isomwe kutoka NTP, yaani huduma ya saa ya mtandaoni. MikroTik nyingi hazina betri ya saa, kwa hiyo ukifuatilia tatizo la jana unakuta kumbukumbu za 1970.

Kama laini inapata anwani kwa DHCP (mtoa huduma anaigawia yenyewe), weka `add-default-route=no`. Ukiiacha, ruta inajiongezea njia kuu yenye `distance` 1 (namba ya kipaumbele, ndogo ndiyo hushinda) na inagombana na ile uliyoandika kwa mkono.

Usipime lango la mtoa huduma peke yake. Lango, kifaa cha kwanza cha mtoa huduma, liko karibu, na linajibu pingi (ujumbe mfupi wa kuuliza kama upo) hata nchi nzima ikiwa gizani. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, laini za watu wengi Afrika Mashariki zilionekana nzima mpaka kwenye lango, shida ikawa mbele yake. Pima anwani mbili zilizo nje ya mtandao wa mtoa huduma, na laini ihesabiwe imekufa zikinyamaza zote mbili. Moja ikinyamaza peke yake, huenda mwenye anwani hiyo amezuia pingi tu.

Sasa hili, ambalo ndilo linalokesha watu. Fundi anaweka Netwatch, kipimaji kilichomo ndani ya MikroTik, ipime 8.8.8.8 kila sekunde 10. Ikishindwa, skripti (amri zilizoandikwa tayari) inazima njia ya fiba. Ikipata jibu, inaiwasha. Anachomoa waya, intaneti inahamia laini ya akiba, anarudisha waya, mambo safi, anaondoka. Wiki mbili baadaye fiba inakatikia huko barabarani, waya wa ofisini ukiwa umechomekwa vilevile. Netwatch inakosa jibu, inazima njia ya fiba. Baada ya sekunde 10 inapima tena, lakini safari hii pingi inapita laini ya akiba, kwa kuwa ndiyo njia iliyobaki. Jibu linakuja. Netwatch inaamini fiba imepona, inaiwasha. Pingi inayofuata inapita fiba iliyokufa, inashindwa, njia inazimwa tena. Ofisi inapata intaneti sekunde 10, inakosa sekunde 10, siku nzima, na lawama zote anabebeshwa mtoa huduma wa laini ya akiba ambayo haina kosa lolote.

Dawa ni kuifunga anwani unayoipima kwenye fiba tu. Lango la fiba likiwa 192.0.2.1 na anwani unayoipima ikiwa 9.9.9.9, andika:

`/ip route add dst-address=9.9.9.9/32 gateway=192.0.2.1`
`/ip route add dst-address=9.9.9.9/32 blackhole distance=20`

Mstari wa pili usiuruke. Intafesi ya fiba ikizimika kabisa, mstari wa kwanza unatoka kazini na pingi itateleza kwenda laini ya akiba. Huo wa pili unaimeza isifike popote. Na anwani ya pili unayoipima ipate mistari miwili kama hiyo.

Kumbe dawa hiyo nayo ina mwiba wake: anwani uliyoifunga haifikiki kabisa fiba ikikatika. Ukifunga 8.8.8.8 na kompyuta za ofisi zinaitumia kama DNS (inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani), ruta itahamia laini ya akiba vizuri kabisa, halafu kurasa hazitafunguka. Pima anwani ambayo hakuna mtu ofisini anaitegemea.

Kurudi kuwe kwa taratibu kuliko kuhama. `check-gateway=ping`, kipimo cha njia cha MikroTik, hupima kila sekunde 10 na kukata tamaa baada ya pingi mbili kukosa jibu, sawa; ila jibu moja tu linatosha kuirudisha njia. Fiba inayokatikakatika itakurusha huku na huku. Kwenye ruta za Cisco unaweka `delay down 30 up 180` (ngoja sekunde 30 kuhama, 180 kurudi) chini ya `track`, basi. Kwenye MikroTik andika skripti inayoendeshwa na Scheduler (ratiba ya ruta) kila sekunde 10: raundi tatu mfululizo bila jibu, peleka `distance` ya fiba kutoka 1 hadi 10 wakati ya akiba ni 5, raundi 18 mfululizo zenye jibu, irudishe. Hesabu hiyo usiiweke ndani ya Netwatch, maana vigezo vyake havisomeki na Scheduler.

Angalia pia vikomo vya muda. Netwatch ya aina ya `icmp` kwenye RouterOS 7 (programu inayoendesha MikroTik) hutangaza kifo wastani wa muda wa jibu ukipita milisekunde 100, isipokuwa ubadilishe `thr-rtt-avg`. Satelaiti za mbali, zile za kilomita karibu 36,000 juu, huchukua kama milisekunde 600 kwenda na kurudi. Laini ya satelaiti kama hizo haitaonekana hai hata siku moja. Hata fiba nzima huonekana imekufa mtu akipakia faili kubwa na pingi zikakwama kwenye foleni, kwa hiyo pingi zipe kipaumbele.

Simu za SIP, zile zinazopita kwenye intaneti, hubaki kimya baada ya kuhama, hata kama kila kitu kingine kinafanya kazi. Intafesi ya fiba haikuzimika, kwa hiyo muunganisho wa zamani bado umeandikwa na anwani ya fiba, na simu inauhuisha kila inapojisajili. Skripti ifute miunganisho ya bandari 5060, ile ya SIP, kwenye `/ip firewall connection` pale inapobadilisha njia.

Laini ya akiba nayo ipimwe kila siku. Ukiipima kutoka nje, weka alama za mangle (sheria za kutia alama pakiti) ili jibu litoke mlango uleule pingi ilikoingilia, la sivyo litatokea fiba na utaambiwa akiba imekufa. Pingi ya baiti 56 kila sekunde 10 hula takriban MB 1 kwa siku, haiumizi bando.

Jaribio la mwisho lisiwe la kuchomoa waya. Acha waya ulipo, zuia pingi za kwenda kwenye anwani zote mbili kwa sheria ya faiwoli kwenye `output` (pakiti zinazotoka kwenye ruta yenyewe), tazama kwa dakika kumi, kisha ondoa sheria. Na ufanye hivyo ukiwa hapo hapo ofisini, si kwa kuingia kwenye ruta kupitia laini unayoijaribu. Na bando la laini ya akiba mtu fulani awe na jukumu la kulilipia, kwa tarehe inayojulikana.