Kuvunja 4,294,967,297 kwa kalamu na karatasi

Namba hii ni 2³² ukijumlisha 1. Mwanahisabati Pierre de Fermat aliamini kuwa namba za ukoo huu (2 kwa kipeo cha 1, 2, 4, 8, 16, 32 na kuendelea, ukijumlisha 1) zote ni tasa: 3, 5, 17, 257, 65,537 na kuendelea. Hizo tano ni tasa kweli. Ya sita ndiyo hii yetu, na mwaka 1732 mwanahisabati Leonhard Euler aliipasua. Kikokotoo weka kando kwanza.

Hatua ya 1: Majaribio mepesi. Inaishia na 7, kwa hiyo 2 na 5 hazimo. Jumla ya tarakimu zake ni 59, basi 3 nayo haimo. Wengi hapa huendelea na 7, 11, 13 hadi kufikia kipeuo cha pili, ambacho ni 65,536 na nukta kidogo sana. Namba tasa hadi hapo ni 6,542. Hiyo si hesabu tena, ni adhabu.

Hatua ya 2: Chuja kabla ya kugawanya. Tuseme p ni namba tasa inayoigawa bila baki. Basi 2³² ukiigawa kwa p inabaki p − 1. Ipandishe kipeo cha pili: 2⁶⁴ inabakiza 1, na hakuna kipeo cha chini ya 64 kinachobakiza 1. Sasa, kanuni ya Fermat mwenyewe inasema 2 kwa kipeo cha p − 1 nayo hubakiza 1. Kila kipeo kinachobakiza 1 hugawanyika kwa kile kidogo kabisa, kwa hiyo p − 1 lazima igawanyike kwa 64. Aya hii isome mara mbili, maana kazi yote imo humu (na silaha iliyomwangusha Fermat ni yake mwenyewe).

Hatua ya 3: Orodhesha 64k + 1. Utapata 65, 129, 193, 257, 321, 385, 449, 513, 577, 641. Futa zisizo tasa. Zinabaki tano tu.

Hatua ya 4: Gawanya.
193: baki 109
257: baki 2
449: baki 325
577: baki 288
641: baki 0, jibu 6,700,417

Hatua ya 5: Hakiki kwa njia nyingine. 641 ni 5 × 2⁷ + 1, na pia ni 5⁴ + 2⁴. Kwa hiyo, kwa hesabu ya baki za 641, 5 × 2⁷ ni sawa na −1. Ipandishe kipeo cha nne: 5⁴ × 2²⁸ ni sawa na 1. Lakini 5⁴ ni sawa na −2⁴. Weka mahali pake: −2³² ni sawa na 1, yaani 2³² + 1 haibakizi kitu. Mimi uthibitisho huu ndio ninaoupenda kuliko mgawanyo wenyewe.

Hatua ya 6: Je, 6,700,417 ni tasa? Kipeuo chake cha pili hakifiki 2,589, na chujio ni lile lile. Jaribu 641, 769, 1153, 1217, 1409, 1601 na 2113. Zote zinabakiza. Ni tasa, kwa hiyo namba yetu ina vigawo vinne tu, na jumla yake ni 4,301,668,356.

Ukitaka zoezi, chukua ya saba, 2⁶⁴ + 1. Chujio lake ni 128k + 1, ila kigawo tasa cha kwanza ni 274,177. Hapo kikokotoo ruksa.